Kitabu Chembamba cha Kwamboka

Ile dawa ya mbu ya kijani, iliyoviringwa kama konokono, siiwashi nyumbani kwangu. Watoto wangu huwaambia wageni kwamba mama ana kifua. Sina kifua. Shida ni harufu yake. Ndani yake mna pareto, na pareto ikianza kuungua tu mimi huwa nimesharudi kwetu Marani, uani kwa baba yetu, magunia yametandazwa juani na maua meupe yamejaa juu yake, na dada yangu Kwamboka ameketi kwenye kigoda akiyageuza kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kitabu.

Tulimzika Kwamboka kule Nyansiongo, mvua zikiwa zimekolea, na watu walisema mengi mazuri juu yake. Mwalimu hodari, Msabato wa kweli, mama wa watu. Yote ni kweli na sikupinga hata moja. Lakini kuhusu kile kitabu hakuna aliyesema neno, kwa kuwa aliyebaki anayekijua ni mimi peke yangu, na siku ile midomo yangu ilikuwa mizito.

Nyinyi mliokua wakati wetu mnakumbuka msichana kumaliza kidato cha nne kulikuwa jambo gani. Kwenye kilima chetu Kwamboka alikuwa wa kwanza. Alirudi nyumbani na sanduku la bati, akakaa miezi mingi akichuma pareto na kukata majani ya ng'ombe, akingoja majibu ya mtihani kama sisi sote. Majibu yalipokuja yalikuwa mazuri mno. Akaitwa kidato cha tano, shule ya mbali upande wa Bonde la Ufa, akasome hesabu. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alisimama kanisani akaomba shukrani, naye hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Nilimwona akikohoa mara kwa mara ili asilie.

Kabla shule hazijafunguliwa Kwamboka alikwenda kumuaga mwalimu wake wa hesabu, mama mmoja kutoka Taita aliyependa kuwatania wanafunzi wake. Alirudi na vitabu viwili vya kuazima. Kimoja kilikuwa kinene, chenye jalada gumu la bluu. Cha pili kilikuwa chembamba kuliko kitabu chetu cha nyimbo. Kile kinene kilikuwa cha kalkulasi, hesabu watakayoanza nayo huko kidato cha tano. Kile chembamba kilikuwa cha hesabu za chini zote, zimekusanywa kwa ufupi, ili mtu azipitie upya kabla hajaingia kwenye hizo kubwa.

"Mwalimu amesema nisikiguse kikubwa mpaka nimalize kidogo," Kwamboka alituambia jioni ile jikoni kwa Magokoro, nyanya yetu mzaa baba. "Amesema watu wanaanguka kwenye kalkulasi na kumbe kosa si la kalkulasi. Kosa ni sehemu, nusu na theluthi, mtu alizipita mbio akiwa mdogo na hakurudi nyuma."

"Basi rudi nyuma," Magokoro akasema, akigeuza ndizi kwenye majivu. "Nani anakukimbiza?"

Akarudi nyuma. Kile kikubwa akakifunga kwa kitambaa na kukiweka chini kabisa ya sanduku. Kidogo akakaa nacho uani, kila siku isipokuwa Sabato, kwa maana Ijumaa jua likizama kwetu kitabu cha shule kilifungwa hata kama mtu amebakiza mstari mmoja. Alikuwa akigeuza maua, anapiga chafya kwa vumbi la pareto, anafuta macho, anaandika hesabu kwa kijiti kwenye udongo uliofagiliwa. Nami nilikuja nikachungulia, mtoto wa darasa la tano mwenye kiherehere, na nilichokiona kilinishangaza. Nusu ongeza theluthi! Hizo nilikuwa nimefundishwa juzi tu. Robo tatu toa sehemu ya sita. Hizo pia nilizijua.

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Shuleni kwetu kurudia darasa kulikuwa jambo la kawaida. Mtu aliyeshindwa alirudishwa chini, na mkubwa mwenye ndevu angeweza kuketi dawati moja na mtoto. Nikaona kwamba dada yangu ameshindwa huko juu kimya kimya, sasa amerudishwa chini, na hawataki kutuambia. Tena amerudishwa mpaka kwangu! Sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi mpaka usingizi ukanipaa. Kwamboka alikuwa akikaa bwenini tangu nilipoanza kumjua, akija likizo na kuondoka, na hatimaye sasa tungekwenda shule pamoja.

"Ukija darasani kwetu," nilimwambia siku moja, "utakaa upande wa dirisha. Mimi nimezoea upande wa mlango."

Kwamboka alinitazama, akacheka mpaka akaangusha kitabu kwenye maua.

"Haya, Moraa," akasema. "Uniwekee nafasi."

Hakunisahihisha, na nadhani alipenda ule upumbavu wangu. Ila kesho yake, tulipokuwa tunateremka kwenda mtoni, alinisimamisha katikati ya njia. Mnajua milima yetu ilivyo. Mtu hulima huku ameegemea shamba. Akaniambia nitazame chini ya miguu yangu.

"Hapa mlima una ukali kiasi gani?"

"Mkali sana."

"Na pale kwenye mgomba?"

"Pale umepoa kidogo."

"Sasa utaupimaje ukali wa hapa tu, pale unyayo wako unapokanyaga, siyo wa mlima mzima?" Akachuchumaa. "Unaangalia umepanda kiasi gani, na umekwenda mbele kiasi gani. Unaweka moja juu ya nyingine. Kumepatikana nini?"

"Sehemu," nikasema, kwa kuwa moja juu ya nyingine ilikuwa sehemu, hiyo nilijua.

"Sehemu! Kisha unachukua hatua ndogo zaidi, na ndogo zaidi, mpaka umebaki na unyayo peke yake. Mwalimu anasema kalkulasi inaanzia hapo. Ndiyo maana narudi kwenye sehemu. Sitaki nifike huko niteleze."

Nilitikisa kichwa kama mtu mzima. Sikuelewa, lakini uso wake ulikuwa umewaka na nilipenda kuutazama. Leo nimefundisha watu wazima hesabu miaka mingi, na sijapata kusikia mtu akilieleza jambo lile kwa uwazi kuliko alivyolieleza Kwamboka akiwa na mtungi kichwani.

Sasa nimseme Tata, na nimseme kwa haki, kwa sababu nilimkasirikia kwa miaka mingi na sasa sina tena nguvu za kukasirika. Tata alisoma mpaka darasa la nne, shule ya misheni. Kisha akaajiriwa kule Nyansiongo enzi za masetla, kazi yake kupima maziwa. Kwa hiyo nusu, robo na theluthi alizijua kama vidole vyake, na alijivunia kuzijua. Hesabu nyingine zaidi ya hizo hakuwahi kuziona. Aliziheshimu tu kwa mbali.

Na kulikuwa na chinsoni. Kwetu Wagusii chinsoni ni ile heshima inayoweka umbali kati ya mzazi na mtoto wake aliyekwisha kukua. Tangu Kwamboka alipovunja ungo, yeye na Tata hawakuketi tena wakapiga soga. Kuagizana maji au kuulizana habari za ng'ombe, sawa. Lakini kukaa ana kwa ana, binti amweleze baba jambo na baba abishe na binti ajibu, hilo lingekuwa aibu kwa wote wawili. Jambo zito lilipitia kwa Magokoro, kwa maana nyanya na wajukuu hawana haya kati yao. Mambo mengi yalikwenda vizuri kwa njia hiyo. Hata leo sisemi kwamba ni desturi mbaya.

Siku moja Tata alitoka kwenye josho la ng'ombe akakatiza uani. Kwamboka alipomwona aliinuka kwa heshima akaenda kumletea maji, na kitabu kikabaki wazi juu ya kigoda. Tata akainama. Akasoma mstari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Hiki ni chako?" akaniuliza. Mimi nilikuwa bado mdogo. Mimi aliweza kuongea nami.

"Hapana, Tata. Ni cha Kwamboka."

Akasimama pale muda mrefu na fimbo yake. Akakirudisha kitabu vilevile kilivyokuwa, kwa uangalifu, akaenda zake kwa Magokoro bila kungoja maji.

Baadaye kidogo Magokoro akatoka jikoni, akaja mpaka kwenye magunia. "Kwamboka, baba yako anauliza, hesabu unazosoma ni za darasa la ngapi?"

Mtu mwingine angedanganya. Mimi ningedanganya. Kwamboka alijibu kama alivyoulizwa. "Hizi ni za darasa la tano na la sita, Magokoro. Lakini mwambie ninazikumbuka tu, nijitayarishe kwa zile kubwa."

Magokoro akavuka uani kurudi kwa Tata. Mlango ulikuwa wazi na sote tulisikia. "Anasema ni za la tano na la sita. Anasema anakumbuka."

Kisha sauti ya Tata, ya chini, bila hasira. "Kwa hiyo alikuwa amesahau."

Sijui nifanyeje ili mwone uzito wa maneno hayo. Tata aliona mtoto aliyesoma kwa miaka yote ile, aliyeombewa shukrani mbele ya kanisa zima, amerudi kwenye hesabu ambazo yeye mwenyewe alizijua kabla hajaoa. Akaogopa. Aliamini kuna kosa lililofanyika mahali, kwamba majibu yale yalikuwa ya mtu mwingine au bahati tu, na kwamba akimpeleka huko mbali atarudishwa nyumbani kwa aibu na watu wa Marani watamcheka mtoto wake njiani. Alitaka kumkinga. Mimi na baba yangu tulisoma ukurasa uleule tukafikia jawabu moja. Tofauti ni kwamba mimi nilifurahi.

Maneno yakaanza kwenda na kurudi. Magokoro akaja na habari kwamba Tata anasema asubiri kwanza mwaka mmoja. Kwamboka akasema nafasi haisubiri. Magokoro akaenda, akarudi: Tata anasema kule Nyansiongo wanagawa mashamba ya masetla, kumefunguliwa shule ndogo, wanatafuta mwalimu wa watoto wadogo, na yeye anafahamiana na mzee wa kamati. Kwamboka akasema, "Mwambie kitabu hiki ni cha maandalizi tu." Magokoro, maskini, alifika kule akasema kitabu ni kidogo. Hakuwa na ubaya wowote. Alibeba alichoweza kubeba, na hesabu ni mzigo ambao hakuwahi kuushika.

"Mpelekee kile kikubwa," nilisema. "Kile cha bluu! Kina alama za ajabu, nimekichungulia. Tata akikiona atanyamaza."

Kwamboka alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. "Sijakisoma, Moraa. Nitamwonyeshaje mzazi wangu kitu nisichokijua? Akiniuliza hapa pamesemwa nini, nitasemaje?"

"Hatauliza."

"Hata asipouliza."

Huyo ndiye Kwamboka. Mnyofu mpaka unataka kumtikisa mabega. Kama angelikitoa kile kitabu sandukuni na kukiacha wazi kwenye kigoda siku moja tu, Tata angelivua kofia mbele yake. Sikuzote nimeamini hivyo. Kilichomponza ni kufanya lile ambalo mwanafunzi mwema anapaswa kufanya, tena mahali ambapo kila mtu angeweza kuona.

Shule za juu zikafunguliwa bila yeye. Kikubwa akamrudishia mwalimu wake, kingali kimefungwa kwa kitambaa. Kile chembamba mwalimu alimwambia akae nacho. Mwanzo wa muhula Tata mwenyewe alimsindikiza Nyansiongo, amembebea sanduku begani njia nzima. Alikuwa mchangamfu siku hiyo, kama mtu aliyeokoa kitu. Mimi nilikwenda shule peke yangu nikakaa upande wa mlango, na ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa amerudishwa chini na mtu yeyote. Sisi ndio tuliomrudisha.

Akafundisha watoto wadogo. Akaolewa hukohuko na mwanamume mpole mwenye ng'ombe wa maziwa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonifanya nisilisahau.

Miaka ikapita, nami nikaitwa kidato cha tano, nikasome hesabu. Kwamboka akaja likizo na mtoto mgongoni, akatoa kitabu chembamba kwenye kikapu. Jalada lilikuwa limetoka na amelishona upya kwa uzi wa gunia.

"Anza na hiki," akaniambia. "Usiruke hata ukurasa. Lakini usikisome uani hivihivi. Kile kikubwa ulichoazimwa kifungue, kiwe juu. Hiki kiweke ndani yake. Tata akipita, afike akiona kikubwa."

Hakusema kwa uchungu; alisema kama mtu anayekuelekeza mahali pa kuvukia mto. Nikafanya hivyo. Siku chache baadaye Tata akapita na mgeni wa kanisa, akasimama nyuma yangu. Ukurasa ulikuwa umejaa zile alama ndefu zenye shingo, na sikuwa naelewa hata moja. Kwamboka alikuwa hatua chache kutoka pale akimenya ndizi.

"Umeona?" Tata akamwambia mgeni, na sauti yake ikajaa fahari. "Hii ndiyo hesabu sasa. Siyo za nusu na robo."

Sikuthubutu kuinua uso. Nilisikia kisu kikisimama, halafu kikaendelea kumenya. Mgeni alipoondoka Kwamboka alifuta mikono, akaja akakivuta kile kikubwa upande wake. Akautazama ukurasa ule kwa muda, akaweka kidole kwenye ile alama ndefu.

"Hii inasomwaje?"

"Bado sijui."

"Ukijua, utaniambia."

Nilijua kabla mwaka haujaisha. Likizo iliyofuata sikwenda Marani kwanza. Nilishuka Nyansiongo, nikamkuta Kwamboka mezani kwake, rundo la madaftari ya wanafunzi mbele yake na kalamu nyekundu mkononi. Nilikuwa na shauku kama ya mtoto. Nilimchorea shamba ambalo upande mmoja mpaka wake ni mto unaopinda, nikaandika kando yake ile alama ndefu, nikamuuliza ataupataje ukubwa wake na fimbo ya kupimia imenyooka.

Alikunja uso kidogo. "Nitalikata vipande vyembamba. Kila kipande nakipima, kisha najumlisha."

"Na pale ncha za vipande zinapoachana na mto?"

"Navikata vyembamba zaidi." Nikaona uso wake unawaka, polepole, vilevile kama siku ile ya njia ya mtoni. "Navikata vyembamba zaidi na zaidi, Moraa, mpaka pasibaki mwanya. Na alama hii ndefu inasema jumlisha vyote. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ni hivyo tu?"

Nilikuwa nimekaa muhula mzima ndipo nikalielewa hilo, na baadhi ya wenzangu walikuwa bado. Yeye chai yake haikuwa imepoa.

"Ni hivyo tu," nikasema.

Kwamboka alikitazama kile kichoro changu. Nje watoto wake walikuwa wakimkimbiza ndama, mumewe akiwakemea.

"Hii ningeiweza," akasema.

Akavuta daftari lililofuata, akalifungua kwenye hesabu za sehemu, akaanza kusahihisha.